Nyasi za Yule Mwekundu

Nyinyi vijana wa stoo ndio mlinisumbua niandike yale ninayojua kabla sijasahau. Nimekaa na kalamu siku nyingi nikijiuliza kama kuna kitu ninachojua kweli, ama nilikuwa tu nikirudia maneno ya Mutua kwa sauti kubwa zaidi. Shule yangu mnaijua, iliishia darasa la nane, na baadaye kozi fupi ya chakula cha mifugo ambayo nusu yake sikuielewa. Kwa hivyo mkiona mahali nimekosea, rekebisheni, lakini msinipigie simu. Mambo ya mshahara na vyeo sitaandika. Hakuna la kuandika huko.

Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya kanisa. Hakuna aliyeniambia kwamba kuchanganya chakula cha ng'ombe Kitengela ni kusimama kwenye sakafu ya simiti na kupindua pumba, mashudu ya pamba na chumvi kwa sepetu mpaka mgongo uombe msamaha. Mutua, Mkamba aliyekuwa fundi wa kuchanganya, alikuwa amezamisha mkono kwenye pipa la molasi mpaka kiwiko, nzi wamemzunguka kama watoto wa shule. Akaniangalia viatu.

"Mama, umekuja kazi ama umekuja harusi?"

"Nimekuja kazi."

"Basi vua hizo. Leo kama kuna bibi harusi hapa ni hii molasi."

Alinifundisha kwa mkono, si kwa mdomo. Unachukua konzi moja ya mchanganyiko, unafinya. Ukishikana kama ugali, molasi imezidi. Ukimwagika kama mchanga, ng'ombe ataupulizia pua, vumbi limwingie, aondoke zake. Yurea, ile mbolea nyeupe, hakumwachia mtu yeyote. Aliiponda mabonge mwenyewe kwa chupa, akaichanganya kwanza na chumvi kwenye beseni dogo, ndipo akaimwaga kwa wengine. "Hapa ndipo utaua ng'ombe ya mtu," alikuwa akiniambia. "Si huko kwingine. Bonge moja tu." Nikiwasumbua mpaka leo kuhusu mabonge, mjue ni yeye anaongea. Mkisikia mtu ameacha jiwe la kulamba, lile la molasi na yurea, kwa mvua, maji yamekusanyika juu na ng'ombe wanayanywa, msimalize chai. Kimbieni. Maji hayo yamebeba yurea.

Kitu kingine cha Mutua ni mavi. Alisema mtu akija analia kuhusu ng'ombe, usiangalie ng'ombe kwanza, angalia kilichoanguka nyuma yake. Kikitandaa kama chapati, nyasi ziko sawa. Kikirundikana kigumu, pete juu ya pete, tumbo limejaa nyasi lakini nyasi hazina nguvu. Nilifundisha hivyo kwa miaka yote, mara nyingi watu wakiwa wanakula. Sikualikwa chakula cha mchana mara nyingi.

Baadaye nilitumwa nje, kuuza na kueleza, kutoka Kitengela mpaka Kajiado na kushuka barabara ya Namanga. Huko ndiko nilipata jina la Mama Chumvi. Na nilichokuwa nikieleza ni kidogo sana, hata naona aibu kwamba nililipwa kwa hicho. Mvua ikinyesha na nyasi ni kijani, ng'ombe wa nyama anajilisha, wewe mpe chumvi ya madini tu. Nyasi zikikauka lakini ziko, mpe jiwe la molasi na yurea na mashudu kidogo, ndipo zile nyasi kavu zimfae. Nyasi zikiisha kabisa, usimpe yurea, mpe nyasi za kununua. Na nyasi za kununua, nunua wakati kuna nyasi kila mahali na majirani wanakucheka. Wale wazee na wale wasiofaa, uza wakiwa bado na mwili. Basi. Hiyo ndiyo kazi yangu yote. Nimeisema mpaka mate yakakauka, na nikijumlisha waliofanya bila kungoja, nadhani wangetoshea kwenye pikipiki moja.

Kwa sababu simu zilikuwa zinakuja lini? Zilikuja ng'ombe akiwa chini.

"Mama Chumvi, kuja haraka. Ng'ombe imelala."

"Imelala tangu lini?"

"Si ni juzi tu."

"Na kabla ya juzi ilikuwa inakula nini?"

"Wewe kuja tu."

Nikifika nakuta wanaume wamepitisha mti chini ya kifua, mmoja ameshika mkia, wengine pembe, wanamwinua kwa nguvu zote na kelele. Anasimama, anatetemeka, kila mtu anafurahi. Wakitoka anaanguka. Kesho wanamwinua tena. Na nyasi nzuri zote za boma lile, na pumba, na hata uji wa watoto, vinamwendea huyo aliye chini, huku wale ambao wangeweza kupona wamesimama kando wakilamba ukuta. Hii kitu ilinichosha kuliko jua. Nimekaripia wazee wenye heshima zao kwa sababu ya hii kitu. Lakini niwe wa haki: sijawahi kuona mtu akimwacha mnyama wake chini bila kumwinua na nikampenda mtu huyo. Kwa hivyo hata sijui nilikuwa nataka nini.

Sasa niwaambie habari ya Mzee Lekishon, kwa sababu nyote mnamjua kwa sauti yake ya simu, na hamjui alivyonitesa.

Boma lake liko kupita Isinya, mahali ambapo ploti za watu wa Nairobi zimeanza kumzunguka kwa waya. Mwaka huo mvua za vuli zilikuja zikapita kama mgeni aliyekosea nyumba. Nilienda kwake mapema, angalau mara hii ng'ombe wakiwa bado na mwili, na nilikuwa nimefurahi kama mtoto. Nikasema kwa huyu, huyu mmoja, tutafanya vizuri.

"Takwenya, yeyo," akanisalimu kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, kwa sababu wanawake husalimiwa hivyo.

"Iko, Mzee."

Tulizunguka boma na mkewe, Mama Naserian. Nikapima vifua kwa tepu, nikaangalia meno, nikaangalia mavi. Alikuwa na mitamba wazuri, mimba ya kwanza tumboni, wale ambao ukiwapoteza umepoteza boma lako la miaka inayokuja. Hao ndio walikuwa shida yangu. Nyasi alizokuwa ameweka, pamoja na zile angenunua, zingewafikisha mvua ijayo hao na fahali na ng'ombe wachache wa maziwa. Zaidi ya hapo, hapana. Nikamwambia auze madume wengine wote na wale wazee, apeleke soko la Bisil kabla watu wote hawajapeleka.

Na mjue alikubali! Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, na mzee anatingisha kichwa tu. Huyu aende, huyu aende. Mpaka tukafika kwa ng'ombe mmoja mwekundu, pembe moja imepinda chini ya jicho, meno yamekwisha kabisa, mbavu unaweza kuning'iniza nguo.

"Hii hapana," akasema.

"Mzee, hii ndiyo ya kwanza. Haina meno. Nyasi kavu haitafuni. Itakula pumba laini tu, na pumba ni za mitamba."

"Hii hapana."

"Kwa nini?"

"Hii ni ya Pakiteng."

Nilidhani Pakiteng ni jina la mtu anayemdai. Mama Naserian ndiye alinieleza. Mzee alipokuwa kijana, rafiki yake wa huko Namanga alimpa ng'ombe, na tangu siku hiyo hao wawili hawaitani majina yao. Wanaitana Pakiteng, yaani wewe tuliyepeana nawe ng'ombe. Ng'ombe wa kwanza alishakufa zamani, na huyu mwekundu ni binti yake, wa mwisho. Mpaka leo jina halisi la yule rafiki silijui. Sijawahi kulisikia kwa mdomo wa mtu.

"Na ikikufa?" nikamuuliza mzee. "Maana itakufa. Nimeshika meno yake."

"Ikikufa ni Mungu. Nikiuza ni mimi."

"Na mtamba akikufa kwa sababu huyu amekula chakula chake, huyo ni nani? Ni Mungu pia?"

Akamgeukia mkewe akasema kitu kwa Kimaa, na Mama Naserian akacheka mpaka akashika ukuta. Nikamuuliza amesema nini. "Anasema wewe unaongea kama mtu ameolewa hapa."

Nilirudi Kitengela nikiwa na hasira mpaka nikapita mlango wa stoo. Nikamweleza Mutua, ambaye siku hizo alikuwa amezeeka na kazi yake ilikuwa kukaa kwenye gunia na kutukosoa. Akasema, "Umesema yote?" Nikasema yote. "Amesikia?" Nikasema amesikia. "Basi ulikuwa unataka nini tena, akuitie kwaya?"

Mzee aliuza wale wengine, hiyo lazima niseme. Aliuza mapema na wenzake wakamcheka, halafu kiangazi kikauma na wakaacha kucheka. Nikamwekea mpango. Mitamba walishwe kwa zizi lao, asubuhi nyasi, jioni pumba na mashudu. Yule mwekundu akae nje na apate mabaki. Niliuandika ukutani kwa makaa, kwa sababu karatasi huko huliwa na mbuzi.

Nikaanza kupita bila kusema nakuja. Mara ya kwanza mambo yalikuwa sawa. Mara iliyofuata mitamba walikuwa wamepungua kwenye kifua, tepu haidanganyi. Nikaangalia mavi, pete juu ya pete. Nikauliza wanakula, nikaambiwa wanakula. Mara ya tatu nilikuja nikipitia nyuma, na nikakuta yule mwekundu amelala chini ya kivuli cha gunia walilomfungia kama malkia, na mbele yake pumba zimelowekwa maji ya uvuguvugu, za kutosha mitamba wawili.

Nilimwita Mzee Lekishon kwa sauti ambayo sikujua niko nayo. Nilimwambia amenidanganya. Nilimwambia anachukua ndama walio tumboni anamlisha bibi kizee asiye na meno. Nilisema mengi. Mzee alisimama kwa fimbo yake akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Umemaliza?"

"Bado, lakini napumua."

"Si mimi," akasema.

Mama Naserian akatoka nyuma ya nyumba na sufuria mkononi, bado inatoa mvuke.

"Ni mimi," akasema. "Naserian alikunywa maziwa ya hii. Mimi nilikuwa sina maziwa, nilikuwa mgonjwa. Wakati huo wewe ulikuwa wapi na tepu yako?"

Nikasema tu, "Mama, mitamba wanakonda." Akasema, "Naona. Mimi ndio nawachunga, nadhani naona." Tukasimama hapo watatu, tumekasirikiana, na yule ng'ombe akiendelea kula. Yeye peke yake alikuwa hana shida.

Mwishowe tulielewana, kama kuelewana ni neno lake. Pumba za mitamba zikapimwa kwanza kwa debe, wakala wakamaliza mbele ya macho ya wote wawili, ndipo Mama Naserian ampe mwekundu wake kile anachokitoa jikoni kwake mwenyewe, maganda, ugali uliobaki, chochote. Nikasema mbele yake kwamba huo ni upumbavu. Akasema sawa, ni upumbavu wake. Na niseme ukweli, kutoka siku hiyo debe halikupungua hata mara moja. Wale ambao hawakugombana na mimi ndio walionidanganya. Huyu aligombana na akafanya.

Mtamba mmoja alitupa mimba, na baadaye akafa. Nimefikiri sana kuhusu huyo. Wakati mwingine nasema ni zile pumba za mwanzo, zilizoenda kwa mwekundu. Wakati mwingine nakumbuka alikuwa mdogo kuliko wenzake tangu mwanzo, na kwamba daktari wa mifugo alisema labda ni ugonjwa. Mimi sijui. Ningependa kuwaambia najua, hadithi ingekuwa nzuri zaidi kwa upande wangu. Wengine wote walifika.

Yule mwekundu alifika pia mpaka mvua, na alikufa kwenye mvua yenyewe, usiku wa kwanza wa baridi, kama wanavyokufa wote waliokonda. Hiyo nayo ni kitu cha kukumbuka: mvua ya kwanza inaua wengi, watu wanapofikiri vita vimekwisha. Walikuwa wamemwinua asubuhi ya siku hiyo. Nilipofika sikusema "nilikuambia." Nilitaka sana kusema, nilikuwa nalo mdomoni, lakini Mama Naserian alikuwa ameketi kando na ile sufuria.

Wiki chache baadaye nilipeleka chumvi na nikakuta mgeni. Mzee mrefu, viatu vya tairi, koti la zamani. Mzee Lekishon akaniambia, "Huyu ni Pakiteng." Kiangazi kilikuwa kimemaliza ng'ombe wa huyo mzee. Wote. Alikuwa amesikia mwekundu amekufa na amekuja kumpa mwenzake pole. Mtu asiye na ng'ombe hata mmoja, amesafiri kutoka Namanga kumpa pole mwenye zizi.

Mzee Lekishon alimpeleka kwa mitamba, ambao wakati huo walikuwa wamezaa, akamwambia achague. Nilimtazama yule mgeni akizunguka. Akachagua mmoja na ndama wake, na Mama Naserian akasema kwa sauti ndogo, "Huyo ni mjukuu wa ile nyekundu." Sikuwa nimejua. Nilikuwa nimewapima wote vifua na kuangalia meno yao na sikuwa nimeuliza mama zao ni nani.

Ningesema hapo nilielewa. Hapana, niliendelea kukasirika. Kwenye barabara nikirudi nilijiambia: huyo mtamba alikuwepo wa kuchaguliwa kwa sababu madume waliuzwa mapema na nyasi zilipimwa kwa debe, si kwa sababu bibi kizee alifungiwa gunia la kivuli. Na hiyo ni kweli. Halafu nikajiambia: wangekuwa watu wa kuuza yule mwekundu, wangekuwa watu wa kumpa mgeni mtamba na ndama? Hiyo nayo sikuweza kuipima kwa tepu. Nilifika Kitengela bado nabishana na mimi mwenyewe, na Mutua akasema uso wangu unafanya molasi iharibike.

Mutua alishatuacha, mnajua. Na mimi nilipostaafu mlinipikia pilau, na Mzee Lekishon akaja na pikapu ya jirani, na nyuma kulikuwa na ndama jike mdogo, mwekundu, miguu kama ya meza iliyovunjika. Akanipa kamba mkononi mbele yenu. Nilimwambia, Mzee, mimi nakaa Noonkopir, niko na ploti ndogo na jirani analalamika hata kuhusu kuku. Akasema, "Sijakuuliza unakaa wapi, Paashe." Nilidhani amekosea jina langu. Mama Naserian akaniambia kwamba mkipeana ndama jike hamuitani tena majina, mnaitana Paashe, na kwamba Mama Chumvi sasa ni jina la watu wengine.

Basi yuko nyuma ya nyumba yangu. Nimempima. Kifua chembamba, mgongo umelegea, hatawahi kuwa na nyama ya maana wala maziwa ya maana. Mwaka huu mvua imechelewa tena, na mimi niliyesema miaka yote nunua nyasi wakati kuna nyasi, sikununua, kwa sababu ndama mmoja tu, atakula nini sana. Amekula sana. Sasa nanunua nyasi kwa bei ya kiangazi kutoka kwenu, na Brian wenu ananipakia akitabasamu. Msidhani sijaona.

Jumamosi Brian aliniletea robota la nyasi mwenyewe. Akamzunguka yule ndama kama nilivyomfundisha, akaangalia nyuma kwanza, akashika mbavu, akamfungua mdomo. Alifanya vizuri, hakuruka kitu.

"Mama, nikuambie ukweli?"

"Niambie."

"Hii, uza. Iko bado na mwili kidogo. Peleka Bisil wiki hii."

Kila neno lilikuwa sawa. Yalikuwa maneno yangu, na kabla yangu ya Mutua. Simu ikalia wakati huo, na ilikuwa sauti mnayoijua: "Paashe! Hiyo mtoto inakula?" Nikasema inakula. Akakata. Hajawahi kupoteza dakika kwa simu.

Brian alikuwa bado anangoja jibu, mkono juu ya mgongo wa ndama.

"Hii hapana," nikamwambia.

"Kwa nini?"

Nikaanza kumweleza, nikamwona anatazama saa. Nikamwambia akate kamba ya lile robota, na asimwage zote, aache za jioni.